Kitufe cha Sababu

Nilikuwa na maoni juu ya kila kitu chenye betri. Simu zilizoondolewa tundu la waya wa masikioni nilizichukia kama zimenitukana mimi binafsi. Niliamini kibodi nzuri lazima ilie ukiibonyeza, kwamba kompyuta ya zamani iliyotunzwa inaishinda mpya ya bei chee, na kwamba gemu bora ni lile linalokuacha ucheze bila kukusimamisha na kukuuliza maswali. Hilo la mwisho nilikuwa nalo tangu Morogoro. Huko nilikuwa msichana pekee kwenye kibanda cha gemu nyuma ya soko, nikisubiri zamu yangu na sare ya shule mwilini. Gemu likisimama katikati na kuleta ujumbe kwenye skrini, niliuondoa bila kuusoma.

Nilikuja Sydney kusomea kompyuta, nikamaliza, nikapata kazi ya kutunza mifumo kwenye ghala moja kubwa Wetherill Park. Ofisini nilikuwa Mtanzania peke yangu. Chini, kwenye rafu, wafanyakazi wengi walikuwa Wakongo wa mashariki na Warundi wachache, kwa hiyo saa ya chakula nilishuka kantini nikakaa nao ili ulimi upumzike na Kiingereza. Waliniita dada wa mashini. Waliniletea simu zao niziangalie, nami nilizitolea hukumu hata kabla ya kuulizwa. Siku moja nilimwambia kijana wa Kirundi, mbele ya meza nzima, kwamba simu aliyonunua ni takataka. Alicheka pamoja na wengine. Tangu siku hiyo sikuiona tena simu yake mezani, na wakati ule sikujiuliza kwa nini.

Pale mezani palikuwa na mama mmoja wa Bukavu, mtu mzima mwenye wajukuu. Alitoka Penrith kila asubuhi kwa treni, kisha basi, na bado alifika kabla yangu mimi ninayeendesha gari kutoka Bankstown. Kazi yake ilikuwa kukusanya bidhaa kwenye rafu kufuata orodha ya karatasi. Alikuwa na penseli sikioni na ghala zima kichwani. Ukimuuliza sabuni ya maji ya chupa kubwa iko wapi, alikuonyesha kwa kidevu bila kugeuka. Mimi aliniita mwanangu, na kwenye chombo chake cha chakula palikuwa na fungu langu la sombe, kisamvu cha kwao, ingawa hatukuwa tumekubaliana jambo hilo.

Mwaka wa pili wa kazi yangu, meneja aliamua kuachana na karatasi. Aliniletea vifaa vya aina tatu vya kujaribu, akaniambia niende navyo nyumbani mwisho wa wiki, nikirudi nimwambie kipi kinafaa. Sijui kama aliwahi kunifurahisha hivyo. Nilivipanga mezani, nikavifungua kimoja kimoja, nikazunguka sebuleni nikiskani pakiti za mchele na vitabu vyangu. Kilichoniteka moyo kilikuwa kama saa kubwa ya mkononi, na skana yake ndogo ilivaliwa kidoleni kama pete. Skrini ilikuwa safi. Ilikuonyesha rafu, idadi, basi. Upande wa ofisi ilitoa ripoti: kila mfanyakazi na mstari wake, kijani akiwa mbioni, njano akipunguza mwendo, nyekundu akisimama. Niliitazama nikafikiria ubao wa alama mwisho wa raundi. Niliona ni nzuri. Lazima niseme hivyo, kwa sababu ndivyo nilivyoona.

Jambo moja tu liliniudhi. Ukisimama kwa muda, saa ilitetemeka na kukuuliza sababu. Ilikupa majibu ya kuchagua: nimepumzika, njia imezibwa, namsaidia mwenzangu, sijisikii vizuri. Ilinipata sebuleni mara tatu, nami nikaona ni yale yale ya gemu baya. Kwenye karatasi ya mapendekezo niliyompelekea meneja niliisifu ripoti ya rangi, kisha nikaandika kwamba swali la sababu lizimwe, kwa kuwa linachafua skrini na kumkatiza mtumiaji. Meneja alinishukuru. Alisema ni nadra kupata mtu wa kompyuta mwenye jicho la namna hiyo.

Siku ya mafunzo niliombwa nieleze kwa Kiswahili. Nilisimama mbele ya watu, nikafunga saa mkononi, nikawaonyesha. Walifurahi. Mama alikaa mstari wa mbele na miwani yake, akaigeuza saa juu chini, kisha akainua mkono.

"Mwanangu, hii kitu iko naangalia sisi?"

Nilikuwa najua jibu. Nilikuwa nimeiona ile mistari kwa macho yangu, nimeisifu kwa maandishi. Lakini watu walikuwa wachangamfu, nami nilipenda kifaa changu kipendwe.

"Hapana, mama," nikasema. "Hiki kinaangalia maboksi. Wewe hakikujui."

Watu wakacheka. Yeye pia akatabasamu, akavaa ile pete kidoleni, juu ya pete yake ya ndoa.

Baada ya wiki kadhaa meneja aliniita ofisini. Alikuwa amepanga kikao na mama, alitaka nikatafsiri. Nilipoingia, mama alikuwa amekwishakaa, mikono mapajani, amevua kofia ya kazi. Aliponiona uso ulimfunguka. Alidhani nimekuja upande wake.

Meneja alimgeuzia skrini. Mstari wake ulikuwa na vipande vyekundu asubuhi nzima, siku baada ya siku. Alizungumza kwa upole, sitamsingizia. Alisema kampuni inamheshimu, lakini mashine inaonyesha anasimama zaidi kuliko wenzake wote, naye angependa kujua kuna tatizo gani. Nilitafsiri. Mama aliitazama ile rangi kwa muda, kisha akanigeukia na kuanza kusema.

"Mwambie hivi. Nasimama, ni kweli. Nasimama juu ya kusaidia wale wapya. Hawajue kusoma vile vibao vya Kingereza, wananiuliza, mama, hii iko wapi? Naenda nawaonyesha. Nisipowaonyesha watabeba kitu si yenyewe, na kazi itarudia mara mbili. Tangu nimefika hapa njo vile nafanya, na shefu wa zamani alijua. Sasa kama ni kosa, aniambie ni kosa, nitaacha. Lakini na wewe, mwanangu, ulisimama mbele yetu ukasema hii kitu inaangalia makartoni. Mi niliamini juu ni wewe ulisema. Mwambie na hiyo."

Meneja aliniangalia akingoja.

Yote yalikuwa wazi kichwani mwangu. Nilijua kwamba jibu la mama lilikuwa moja ya yale majibu manne. Angebonyeza mara moja tu, namsaidia mwenzangu, na ule wekundu usingekuwepo. Nilijua ni nani aliyeshauri kitufe hicho kizimwe. Nikilisema, ningelazimika kusema na mengine, na karatasi yangu ilikuwa ndani ya kompyuta ile ile iliyokuwa mbele yetu.

"Anasema huwa anawasaidia wapya kidogo," nikamwambia meneja. "Na anauliza kifaa kinafanyaje kazi."

Meneja aliitikia kwa kichwa akaandika kitu. Akasema kuwasaidia wapya ni kazi ya wasimamizi, na kwamba angemhamishia mezani kwenye kufunga maboksi, ambako hakuna kutembea. Nililitafsiri hilo neno kwa neno. Mama aliinuka. Alivaa kofia, akaniangalia mara moja, akatoka. Meneja akaniambia nimefanya vizuri, kikao kilikuwa kifupi.

Sikushuka kantini siku hiyo, wala iliyofuata. Nilikula kwenye gari. Nilijiambia nina kazi nyingi. Nilipopita karibu na meza ya kufungia maboksi nilishika simu sikioni nikijifanya naongea na mtu. Mwanamke mzima, mwenye shahada, nikiongea na simu iliyozimwa. Halafu asubuhi moja nikakuta mtu mwingine pale mezani. Nilimuuliza yule kijana wa Kirundi, naye akanijibu bila kusimamisha mikono kwamba mama ameacha kazi, magoti yake hayakuweza kusimama pale kutwa.

Nilikaa na habari hiyo hadi Jumamosi. Jumamosi niliendesha hadi kwake Penrith.

Binti yake mkubwa ndiye aliyefungua mlango. Nilimsalimu kwa Kiswahili, naye akanijibu kwa Kiingereza kwamba mama yuko nyuma. Nilimkuta uani ameketi kwenye kiti cha plastiki, miguu imenyooshwa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anachambua majani. Alinikaribisha vizuri. Binti akaniletea kiti, akabaki amesimama mlangoni.

Nilikuwa nimepanga maneno njiani, yakapotea yote. Nikaanzia mwisho. Nikamwambia, "Mama, siku ile sikumwambia meneja uliyoyasema."

"Nilijua," akasema.

"Ulijuaje?"

"Mi nilisema maneno mengi. Wewe ulimpa mbili tatu. Kingereza yangu iko kidogo, lakini masikio iko mzima."

Hakupandisha sauti. Aliendelea kuchambua. Nikamweleza mengine: mistari ya rangi, karatasi yangu, swali la sababu na jinsi nilivyolizima kwa kuwa liliniudhi. Hapo ndipo mikono yake iliposimama.

"Donc, kumbe ilikuwa inaweza kuniuliza?"

"Ndiyo."

"Na ningejibu, ingesikia?"

"Ingesikia, mama."

Aliweka majani chini. Akajifuta vidole kwenye kitenge, kimoja kimoja.

"Na siku ile nilikuuliza mbele ya watu. Ulijua?"

"Nilijua."

Nilingoja anifukuze. Ningefurahi kufukuzwa, ingekuwa rahisi zaidi. Badala yake alimwita binti yake asogee.

"Sema sasa," akaniambia. "Vile nilisema siku ile. Sema kwa Kingereza, yote. Huyu anajua Kingereza, ataniambia kama umeacha kitu."

Nilidhani ananitania. Hakuwa anatania. Basi pale uani, mbele ya kamba ya nguo na baiskeli ya mjukuu, nikaanza kutafsiri kwa ajili ya mtu ambaye hakuwepo. Nilisema juu ya vibao na wapya na kazi inayorudia mara mbili. Nilisema juu ya shefu wa zamani. Nilipofika kwenye makartoni niliitazama ile baiskeli. Mama alingoja. Nikasema kwamba nilisimama mbele yao na kuwaambia kinaangalia maboksi, na kwamba aliamini kwa sababu ni mimi niliyesema. Kwa Kiingereza sentensi ile ilikuwa fupi na mbaya kuliko nilivyoikumbuka.

Mama akamtazama binti yake. "Amesema yote?"

Binti alinikazia macho muda mrefu. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nifike, akasema kwa Kiswahili, "Amesema yote."

"Bien, sawa," mama akasema. Akachukua majani yake.

Hakuniambia amenisamehe, nami sikuthubutu kuuliza. Aliniambia ameshapata kazi nyingine, kuwaangalia wazee kwenye nyumba moja karibu na kwake. Nikauliza kama ningeongea na meneja arudishwe. Akasema hapana, wale wazee angalau wakiona amesimama wanajua anafanya nini. Alinisindikiza hadi mlangoni, hakuja hadi kwenye gari.

Jumatatu nilienda kwa meneja nikafunga mlango. Nilimwambia kila kitu, pamoja na sehemu za kikao nilizoziacha. Alifungua karatasi yangu kwenye kompyuta, akaisoma tena mbele yangu taratibu. Akaniambia angalipenda kulijua hilo siku ile. Kuwasha swali la sababu kulichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai: niliweka alama mbili kwenye mipangilio, saa zote zikajisasisha. Wafanyakazi walilalamika wiki ya kwanza kwamba sasa zinatetemeka ovyo. Niliwaeleza ni kwa nini, na safari hii niliwaeleza pia kuhusu mistari na rangi zake, na nani anaiona. Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja aliivua saa yake palepale akaiweka mezani, ikabidi msimamizi aje kuongea naye.

Nilirudi kukaa kantini. Walinisogezea nafasi kama kawaida, lakini simu zao walizibakiza mifukoni, na mimi sikuulizia. Niliendelea kupenda vifaa, siwezi kudanganya kwamba nilibadilika hapo. Bado nina kibodi inayolia na bado nacheza gemu nikifika nyumbani.

Yapata miezi sita baadaye mama alinipigia. Alitaka kununua simu mpya, ya zamani ilikuwa inazimika katikati ya maongezi na dada yake aliyebaki Bukavu. Aliongea nami kwa adabu, akaniita dada, kama anavyoita mtu wa benki. Jina la simu lilikuwa limenijia mdomoni tayari, na sifa zake zote. Nikamuuliza kwanza yeye anataka ifanye nini. Akaanza kunieleza, na maelezo yake yalikuwa marefu.