Sofa Yangu kwa Mama Neema

Miye Mama Furaha, mjane wa huku Kilibula, nimeaibika. Dosye yangu, faili la kuomba msaada wa wajane, ilikaa ofisini mwaka mzima. Kila wiki niliambiwa, "Mkaguzi atapita kesho." Basi nikahamishia sofa, televisheni na mbuzi kwa jirani yangu Mama Neema, nyumba ionekane ya taabu. Mkaguzi akachelewa hadi mbuzi akanisahau.

Jana akafika. Nilikaa kwenye mkeka, machozi tayari. Kumbe Mama Neema naye alikuwa na dosye! Akapaza sauti ng'ambo ya ukuta:

"Mama Furaha! Kuya mbio ukamate sofa na mbuzi yako, mkaguzi iko anakuya kwangu!"

Mkaguzi, ambaye mwaka mzima hakuwa na haraka, akasimama papo hapo.

"Twende, mama, nikusaidie kubeba."