Matundu Nyuma ya Kichwa cha Kondoo

Ilikuwa mwaka wa tisini na nne. Hapana, nimekosea. Tisini na nne ndio mwaka lile tangi la kanisa lilipopasuka likamlowesha mchungaji na suti yake. Hii ninayoisimulia ni ya tisini na sita, mwaka ambao mvua za Julai hazikufika kabisa Copper Tank. Naukumbuka kwa sababu ekseli ya trela langu, ndiyo nyumba yangu, ilikatika mwezi wa tano, na badala ya kuhamia kaskazini kwenye ubaridi kama kawaida yangu, nikabaki na wenyeji jangwani, nimeegesha nyuma ya gereji ya Verna Stoltz.

Verna alikuwa mjane mnene, mwenye sauti ndogo isiyolingana na mwili wake. Gereji aliachiwa na marehemu mumewe. Alinyoosha bodi za magari, alipiga rangi, lakini watu walitoka mbali kumfuata kwa jambo moja: kutoboa matundu ya hewa kwenye boneti. Huku Arizona, gari likitambaa milimani kwa gia nzito wakati wa kiangazi, hakuna upepo wa kuipoza injini. Joto linajaa chini ya boneti kama kwenye tanuri, rejeta inachemka, na mwenye gari anabaki kwenye mawe na chupa yake ya maji. Wako waliokufa hivyo, tunawajua kwa majina. Ukikata matundu mahali panapofaa, joto linapanda na kutoka lenyewe.

Kupajua hapo panapofaa ndiyo kazi. Verna alikuwa na namna yake. Alichukua sufu nyekundu kwenye kapu lake la kufuma, akaikata vipande vya urefu wa kidole, akavibandika boneti nzima kwa utepe, mpaka gari likaonekana limeota upele wenye manyoya. Kisha mwenye gari aliliendesha kwenye ile barabara iliyonyooka ya bonde la chumvi, na Verna akaenda naye sambamba kwa pikapu, akitazama. Palipoinuka nyuzi na kucheza, hewa inavutwa kwenda nje: kata. Palipolala au kurudi nyuma, usiguse.

Mwezi wa saba ulipokwisha bila tone la mvua, mdogo wake Orrin akaleta jipu lake, lile gari la milimani.

Orrin alikuwa dereva wa greda la barabara za wilaya, kapera, mcheshi, mtu wa kuchelewa kanisani na kukaa mbele. Alikuwa na kazi nyingine isiyo na mshahara. Juu kwenye korongo la Burro kuna birika ambalo watu wa hapa walilijenga zamani kwa ajili ya kondoo wa mlimani, wale wenye pembe zilizojikunja. Mvua isipolijaza, lazima mtu apeleke maji. Baba yao alipeleka mpaka alipokufa, na Orrin alilirithi jipu pamoja na zamu. Mwaka huo birika lilikuwa limebaki tope, na wapiga picha za wanyama walikuwa wamekuta mizoga miwili. Orrin alipandisha mapipa mara moja, jipu likachemka njiani, akamwaga maji ya kondoo kwenye rejeta ili arudi. Aliona haya kweli kwa hilo.

Tukabandika sufu. Orrin aliendesha, mimi nikakaa na Verna kwenye pikapu. Nyuzi za katikati ya boneti zilisimama wima zikicheza kama zina furaha. Lakini hapo katikati ndipo kilipokuwa kichwa cha kondoo, rangi nyeupe na kahawia, alichokichora mama yao kwa mkono wake kabla hajapofuka. Nyuma, karibu na kioo cha mbele, nyuzi zililala. Na mbili za mwisho kabisa zilijipinda zikaingia ndani ya vile vitundu vya chini ya kioo, vinavyopeleka hewa ndani ya gari. Ziliingia taratibu, kama zimeitwa. Nilimwonyesha Verna. Akasema ameziona.

Gerejini wakabishana. Verna alitaka kukata katikati, achore upya kichwa baadaye. Orrin alisema mama hachorwi upya. Alitaka matundu yakae nyuma ya kichwa, karibu na kioo.

"Nyuma pabaya, Orrin. Sufu imesema."

"Sufu imesema kwa spidi ya barabarani, dada. Mimi kule juu napitwa na kobe. Upepo utatoka wapi?"

Hilo lilikuwa na ukweli ndani yake, ndiyo maana lilimshinda Verna. Kwa mwendo wa kutambaa, joto hutoka popote penye tundu. Alisimama na grenda ya kukatia bati mkononi, akikitazama kile kichwa, kisha akakata nyuma. Mistari miwili ya matundu, safi, kingo zimepigwa nyundo zikalala vizuri. Sijawahi kuona kazi nzuri kama ile, wala sikuipenda.

Kesho yake asubuhi Orrin alipowasha jipu kuondoka, injini ikiwa bado baridi, nilisikia mlio ubavuni mwa injini. Tik, tik, tik, kama ukucha kwenye sahani. Nikamwambia. Akacheka.

"Mzee, na wewe ukiamka hukohoi? Ngoja lipate joto."

Kweli lilipopata joto likanyamaza. Akaondoka na mapipa yake.

Alirudi alasiri, rangi imemtoka, akatapika kando ya pampu. Lakini alikuwa amepeleka maji nusu birika na jipu halikuchemka hata kidogo. Kila mtu alijua ni joto. Huku mtu akiumwa kichwa mwezi wa nane, akitapika, akiona usingizi, hakuna anayetafuta sababu nyingine. Tukamnywesha maji ya achari ya matango kwa ajili ya chumvi, tukamlaza na kitambaa kibichi usoni. Kufikia jioni alikuwa anadai chakula.

Jumapili baada ya kanisa tulikula barazani kwa Verna: kuku wa kukaanga, maharage, saladi ya viazi, chai ya barafu. Alikuwepo pia Clete, mwenye duka. Orrin alitusimulia safari yake. Alisema upepo ulikuwa unamsukuma kwa nyuma, vumbi lake mwenyewe likamfunika, akapandisha vioo vyote. Sindano ya joto ilipoanza kupanda akafanya tunachofanya sote huku: akafungulia hita ya ndani hadi mwisho, ili ivute joto kwenye injini. Mgeni akituona tunaendesha na hita mwezi wa nane hudhani tumerukwa na akili, lakini wengi imetuokoa. Kichwa kikaanza kumgonga. Nusu ya njia akapata pancha.

"Nikashuka, nikabadilisha tairi pale juani, jua la kukaanga mayai," akasema. "Mtanicheka. Nikapona kabisa. Nikaimba. Nikarudi ndani, nikakaa kivulini, kichwa kikarudi."

Clete akasema huo ni ugonjwa wa watumishi wa serikali, wakikaa tu wanaumwa. Tukacheka. Mimi niliuliza jambo moja, nusu kwa utani. Verna akanipitishia bakuli la viazi, na Clete akaanza habari ya bei ya barafu.

Jumanne Orrin alipandisha mapipa yaliyobaki. Nililisikia jipu kabla sijaliona, tik, tik, likipita nyuma ya trela langu. Alinipungia kofia. Upepo ulikuwa wa kusini, uleule, unaopanda korongo pamoja na gari. Siku nzima sikuweza kutulia. Nilipanga vyombo, nikavipangua. Tai walikuwa wakizunguka upande wa Burro, lakini mwaka ule walizunguka kila upande, kwa hiyo nikajikataza kuwahesabu.

Alasiri alipokuwa hajarudi, Verna alifunga gereji, akamchukua Clete na mimi tukapanda pikapu. Hakuna aliyewasha redio. Tulipita mahali alipobadilishia tairi safari ya kwanza, ile ya zamani ilikuwa bado imelala hapo. Mbele kidogo, kwenye kona ya mchanga, tukasikia injini.

Ilikuwa inanguruma vizuri, polepole, kama gari linalomsubiri mtu dukani. Verna akasema, "Anapumzika." Alisema kwa ile sauti yake ndogo, na mguu wake ukakanyaga mafuta.

Jipu lilikuwa limeegemea ukingo wa mchanga, pua yake ikitazama chini, kuelekea nyumbani. Mapipa yalikuwa matupu. Vioo vyote vilikuwa juu. Orrin alikuwa ameegemeza kichwa mlangoni, uso mwekundu, wenye afya, kama mtu aliyetoka kucheka. Clete alifungua mlango na pumzi ya hita ikatupiga, ya moto, yenye harufu ya ekzosi. Sindano ya joto ilikuwa katikati kabisa. Matundu yalikuwa yamefanya kazi yake.

Daktari wa wilaya alieleza kilichomuua, na hata ule wekundu wa uso, na fundi mmoja wa mbali akaonyesha ufa kwenye bomba la ekzosi, pale linapoungana na injini, hapo palipokuwa pakilia tik. Moshi wa sumu usioonekana ulipanda kwenye matundu ya nyuma, hita ikauvuta kupitia vile vitundu vya chini ya kioo, ikampa Orrin akiwa amejifungia. Tulikwenda baadaye kutazama birika. Lilikuwa limejaa, na nyayo za kondoo zilikuwa zimelizunguka pande zote, mbichi.

Verna hakuacha kazi. Mtu hula nini? Ila sasa gari likija kwake hulilaza uani usiku kucha, na asubuhi anaweka sikio kwenye boneti mwenyewe akiwasha, injini ingali baridi. Jipu la Orrin amelichomelea mabati juu ya matundu, bati kwa bati, akalipaka rangi, huwezi kujua kulikuwa na kitu. Kichwa cha kondoo kipo.

Nami bado napita huko kila baada ya miaka kadhaa, nikielekea ninakoelekea. Clete amekufa. Verna hunipikia maharage, tunakula barazani, viti vinne na sisi wawili. Tunazungumza habari za mvua. Lile nililouliza Jumapili ile, nikaletewa bakuli la viazi badala ya jibu, hajawahi kuligusa, nami siwezi kuliuliza tena mbele yake. Nilimuuliza Orrin, akiwa ameshika paja la kuku, anacheka: joto gani hilo, ndugu yangu, linalokuumiza kivulini na kukuachia juani?