Settimia na Wifi Yake wa Dirishani

Wageni wanaopanda Castelpruno, kijiji chetu cha mlimani Italia, huja kupiga picha mawe. Wanapita chini ya lango la kale wakihema, wanashangaa kichochoro chetu kilivyo chembamba, kisha walikuwa wakimkuta Settimia kaketi mlangoni anamenya maharage, naye akiwapa kazi.

"Mwanangu, mwambie yule mama wa dirisha la juu, maji ya maua yake yananidondokea kichwani."

Mgeni, maskini, haelewi hata neno. Anatazama juu, anatabasamu. Nyumba ya mkabala, dirishani, yuko Delfina, mjane wa kaka yake Settimia, na keshasikia yote.

"Na wewe mwambie huyo wa chini, angalau leo ameoga."

Mawifi hao! Hawakuwa wamesemezana tangu harusi ya binti wa Settimia, pale Settimia alipoonja sungura aliyepikwa na Delfina akatangaza mbele ya watu, "Huyu kafa mara mbili." Delfina alivua aproni akaenda zake. Padri alisuluhisha mpaka akahamishwa, wao wakabaki vilevile. Mimi jirani yao nilichoka nao, ingawa siku wageni wasipokuja kichochoro kilipooza na mimi nilikosa raha.

Vuli iliyopita magoti ya Settimia yaligoma. Bintiye akasema basi, mama anahamia kwake Perugia, moja kwa moja. Asubuhi ya kuondoka ukungu ulitanda, mgeni hata wa dawa hakuna. Binti alikwisha kushusha masanduku, anasubiri garini nje ya lango. Settimia kavaa koti lake la kanisani, kaketi palepale mlangoni.

"Unangoja nini, dada?" nikamuuliza.

"Mgeni. Nina neno la kumtuma kwa huyo wa juu."

"Si unitume mimi."

"Wewe? Wewe wa hapahapa. Nikikutuma wewe si nitakuwa nimemsemesha?"

Nilitaka kumtikisa. Uzee wote huu, kiburi bado kibichi! Huko chini honi ikalia. Settimia akainuka, akashika ukuta, akasimama chini ya vyungu vya maua vya Delfina. Haondoki. Moyo uliniuma.

Dirisha likafunguka.

"We mgeni hapo chini!" Delfina akaita, sauti inamtetemeka. "Unashuka? Ukimwona wifi yangu, mwambie asiende."

Settimia hakuinua uso. Alitoa kitambaa, akajifuta macho, akakikunja vizuri na kukirudisha mfukoni.

"Nitamwambia, mama," akajibu. "Nimempita sasa hivi. Alikuwa analia."

Kisha akanishika mkono, tukashuka.