Kipa Aliyetoka Golini

Mtaani walimwita Sumaku tangu enzi zake za ukipa katika timu ya vijana, maana mpira ukishafika mikononi mwake ulikuwa umefika nyumbani. Goti ndilo lililomtoa uwanjani angali kijana, likamwachia jina. Baadaye alipojifunza ufundi wa friji, wateja wapya walidhani jina linatokana na ile sumaku inayobana mlango wa friji usiachie baridi. Hakujisumbua kuwasahihisha. Mtu akikuletea kazi huanzi kumsimulia historia ya goti.

Alikuwa baba wa mapacha wa kike, na mkewe alikuwa mshonaji. Jioni, akishaoga na kuondoa harufu ya gesi mwilini, alikaa juu ya zulia, mgongo ameuegemeza kwenye kochi, akacheza mpira kwa vidole kwenye televisheni. Mkewe alikuwa akipita na kitambaa chake begani, akimtania.

"Baba Pacha, hilo goti lako halina hata habari kwamba uko uwanjani."

"Ndiyo raha yake, Mama Pacha."

Gemu hilo la mpira lilitoka kila mwaka, na kila mwaka tangazo lilikuwa na kiapo kilekile: safari hii makipa wana akili. Sumaku alinunua. Kweli jezi zilikuwa mpya, nyasi ziling'aa, na nywele za wachezaji zilipepea mpaka ukasikia upepo. Kisha mshambuliaji anaingia upande wa kushoto, na kipa anatoka golini mbio kama mtu aliyekumbuka ameacha chungu jikoni. Nyuma yake goli limebaki wazi. Mwaka unaofuata, vilevile. Watazamaji majukwaani walikuwa na sura moja, wakipiga makofi kwa pamoja kama waliozaliwa siku moja. Mtangazaji alipiga kelele kwamba mpira umegonga mwamba, nao ulikuwa umeshatoka nje na kupotea zake.

Kwa mtu mwingine hayo yalikuwa mambo madogo. Kwa mtu aliyeacha goti lake golini, yalikuwa matusi.

Siku moja alijirekodi kwa simu karakanani kwake, friji zimepangana nyuma yake kama wagonjwa wanaosubiri daktari. Alinyanyua kasha la gemu jipya, akalitazama mbele na nyuma, akasema kwa uchungu, "Kanzu mpya, shehe yule yule!" Basi. Watu walicheka, wakasambaziana. Tangu hapo, gemu jipya likitoka, kuna watu waliokuwa hawalinunui kwanza mpaka wamsikie Sumaku. Wakamwita kiongozi. Alipenda kuitwa hivyo. Nani asingependa?

Mwaka huo ninaousimulia ndio mambo yalipoharibika. Toleo jipya lilikuja na kipa mbaya kuliko wote. Sasa alikuwa akitoka, anaukosa mpira, halafu anarudi na kuusukumia wavuni mwenyewe. Sumaku alikuwa amefika fainali ya mashindano ya mtandaoni. Alishindwa dakika za mwisho kwa ujinga huohuo, na asubuhi yake mteja mmoja alikuwa ameshamfokea mbele ya watu. Akawasha simu hata kabla hajatulia.

"Leo sicheki," alisema. "Huyu kipa hakujiumba. Kuna mtu. Kuna mtu anakaa kwenye kiti, anakula mshahara, na anatuona sisi majuha. Mtafuteni huyo mtu. Nataka niuone uso wake."

Akaiachia video hewani, akala, akajisikia mwepesi kama mtu aliyetapika.

Kesho yake alikuwa amelala chini ya friji akishika tochi kwa meno, simu ikaanza kutetemeka mfululizo. Alipoichukua, ujumbe wa juu ulikuwa neno moja tu: "Tumempata."

Chini yake palikuwa na picha ya msichana aliyeshika keki, anacheka, macho yamefumba kidogo. Picha hiyo iliwekwa mtandaoni na mjomba wake miaka ya nyuma, kwa nia njema kabisa, na maneno ya fahari: binti yetu ndiye anayepima makipa wa lile gemu kubwa, hongera mwanangu. Kampuni yenyewe ilikuwa ng'ambo, lakini ilikodi ofisi ndogo katika jiji hilohilo, vijana wakawa wanacheza gemu kutwa nzima kutafuta kasoro kabla halijauzwa.

Sumaku alifurahi kwanza. Tuseme ukweli, alifurahi. Kisha akaendelea kusoma.

"Anakaa wapi?"

"Nyuma ya kiwanda cha magodoro, geti la buluu. Anaishi na mama yake."

"Jumapili mchana twendeni tukampe mazoezi."

Aliyeandika hilo la mwisho alijiita Kichwa Moto. Baadaye kidogo huyohuyo akaweka picha iliyopigwa juu ya ukuta: kamba ya nguo, gauni moja la kijani, taulo, na soksi. Ameandika, "Nguo zake hizo."

Sumaku aliikuza picha kwa vidole. Soksi zile zilikuwa ndogo, zenye maua, kama za mabinti zake. Alijiona kama mtu aliyechoma majani shambani kwake, akageuka na kukuta moto umeshavuka mpaka. Akaandika haraka: "Jamani, nilikuwa natania. Mwacheni dada wa watu." Wakamjibu kwa vicheko. "Tumekuelewa kiongozi, unajikinga." Akaifuta video. Haikusaidia kitu, nakala zake zilikuwa zimeshazaana.

Akapiga simu polisi. Askari alimsikiliza kwa subira, kisha akauliza, "Gemu? Mzee, una umri gani?"

"Afande, wanataka kwenda nyumbani kwa mtu."

"Wameshakwenda?"

"Bado."

"Basi wakienda, piga."

Nyumbani alimweleza mkewe. Alitarajia kupewa pole. Mama Pacha alizima cherehani, akamgeukia.

"Wewe ndiye uliyewaita," alisema. "Nenda ukawarudishe."

"Wakinigeukia mimi je?"

"Nami naogopa, Baba Pacha. Lakini yule binti anaogopa kuliko sisi, tena hajui hata amekosa nini."

Jumapili akaenda mapema. Mtaa wa nyuma ya kiwanda ulikuwa mtulivu. Mwanamume mmoja alikuwa akiosha lori lake kwa mpira wa maji, na redio ilikuwa ikiimba mahali fulani. Geti la buluu lilikuwa limefungwa kwa kufuli na mnyororo mpya kabisa. Mnyororo huo ulimuuma moyo. Akagonga.

Hatua zilisogea polepole upande wa ndani. "Nani?" Sauti ya mama mtu mzima.

"Shikamoo, mama. Mimi ni fundi wa friji, nina ujumbe wa—"

Hakumaliza. Kutoka ndani ya nyumba ilisikika sauti nyembamba ya msichana, sauti ya mtu anayezuia kilio. "Mama, usifungue! Ndiye yeye! Ile sauti yake ndiyo hiyo!"

Sumaku alisimama mkono ukiwa hewani. Maishani mwake alishawahi kuogopwa na nani? Hata mbwa wa wateja walikuwa wakimzoea. Sasa kuna mtoto wa mtu aliyejificha nyuma ya ukuta kwa ajili ya sauti yake, sauti ileile anayowaimbia mapacha wakiugua.

"Mama," alisema chini chini, "sikuja kwa shari. Wanakuja vijana. Kama kuna mlango wa nyuma, tokeni."

"Si wewe uliyesema unataka kuona uso wake?"

"Ni mimi."

"Basi ondoka getini kwangu."

Angeondoka. Miguu ilikuwa tayari imeshaanza. Lakini pikipiki zilisikika kwenye kona, moja, kisha kundi, na njia ilikuwa hiyohiyo moja. Alirudi akasimama mgongo kwenye geti, na goti lake bovu lilianza kucheza peke yake.

Walikuwa vijana wengi, wengine wameshanyanyua simu. Walipomwona walishangilia. "Kiongozi! Kiongozi kafika kabla yetu!" Mmoja akamkumbatia. Aliyekuwa mbele yao hakuwa kijana. Alikuwa mtu mzima, shati limepigwa pasi, saa nzuri mkononi, uso wa upole; ungemkuta dirishani benki ungemwamkia. Huyo ndiye waliyekuwa wakimwita Kichwa Moto, na Sumaku alimwogopa kuliko wote, kwa sababu hakuwa na hasira hata kidogo.

"Haya kiongozi," alisema, akimwelekezea simu. "Mwambie dada. Anakusikia huko ndani. Mwambie atoke atueleze kuhusu kipa."

"Dada," Sumaku alisema, "naomba unisamehe. Na ninyi nawaomba mrudi nyumbani. Ni gemu tu, ndugu zangu."

Kisha nyuma mmoja akasema, "Amenunuliwa."

Neno hilo lilipita katikati yao kama cheche kwenye nyasi kavu. Amenunuliwa. Wamempa ngapi? Msaliti! Jiwe la kwanza lililia kwenye geti, na ndani mama alipiga yowe. La pili lilimpata Sumaku juu ya sikio. Hakusikia maumivu, alisikia joto tu likishuka shingoni. Alitamani kukimbia, wala tusimpake ushujaa asiokuwa nao. Alichokifanya ni kushika vyuma vya geti kwa mikono yote miwili, nyuma yake, akang'ang'ania, kwa sababu akiviachia alijua ataanguka.

Yowe la mama ndilo lililowatoa majirani. Mwenye lori alikuja na mpira wake wa maji ungali unamwaga, na wanawake watatu wakatoka na chochote walichokuwa wameshika, mwiko, fagio, kandambili. "Mnamtafuta nani kwenye mtaa wetu?" mwenye lori aliuliza. Mwanamke mmoja akatoa simu, akaanza kuwarekodi mmoja mmoja, polepole, usoni. "Geuka huku baba, nikuone vizuri. Na wewe wa kofia. Mama yako nadhani namfahamu."

Wakaanza kushusha kofia na kugeuza migongo. Pikipiki zikaunguruma, zikaondoka. Kichwa Moto alikuwa wa mwisho. Alifuta maji kwenye shati lake, akamsogelea Sumaku karibu kama mtu anayetaka kumnong'oneza rafiki.

"Na kwako tunapajua," alisema. Akaenda zake.

Wanawake walimwosha jeraha na kumkalisha juu ya tofali. Geti halikufunguliwa. Ila baada ya muda ile sauti nyembamba ilisikika tena, sasa ikiwa karibu kabisa, upande wa pili wa bati.

"Umeumia?"

"Kidogo tu, dada."

"Mimi sitengenezi kipa," alisema. "Mimi napima tu. Nilisema kasoro yake tangu mwaka wa kwanza. Mwaka uliofuata nikasema tena. Wanajibu hakuna muda wa kubomoa, toleo lazima litoke, rekebisheni nywele." Akavuta pumzi. "Video zako tulikuwa tunaziangalia ofisini. Mimi ndiye niliyekuwa nacheka kuliko wote. Nilikuwa nasema, afadhali kuna mtu mwingine anayeliona."

Sumaku aliinamisha kichwa.

Wiki ileile binti na mama yake walihamia kwa mama mdogo, mji mwingine, na binti akaiacha kazi. Sumaku alirekodi video moja ya mwisho, bandeji kichwani, akaeleza kila kitu bila utani. Wengine walimpongeza. Wengi walimtukana. Na kabla juma halijaisha alitumiwa picha bila maneno: mlango wa karakana yake, umepigwa kutoka ng'ambo ya barabara, naye mwenyewe ameinama ndani hana habari.

Safari hii alikwenda kituoni mwenyewe, akiwa na picha na jeraha lake, wakaandika maelezo yake. Mapacha wakapelekwa kwa bibi yao. Nyumba ilikuwa kimya mpaka cherehani ya mkewe ikawa inasikika kama gari. Hakuna aliyekuja. Ndio ubaya wenyewe: anayekuja unamwona, lakini asiyekuja unamngoja kila siku. Pikipiki ikisimama nje, bisibisi ilimponyoka mkononi. Mteja mwenye shati la pasi akiingia, alimtazama kwanza mikono.

Toleo jingine la gemu lilitoka wakati wake ulipofika, kwa mbwembwe zilezile. Hakulinunua. Mteja mmoja alimsimulia kwamba watu wanalalamika sana, akamuuliza kwa nini siku hizi yuko kimya. Sumaku akasema kompresa ya friji lake imekufa, itabidi abadilishe.

Mapacha walirudi shule zilipofunguliwa, wamenenepa, wamejaa hadithi za bibi. Jioni ya kwanza walikula wote wanne pamoja, wakacheka, na kwa muda mrefu hakuna aliyegutuka. Kisha mkewe aliinua macho kutoka kwenye sahani.

"Umefunga mlango?"

"Nimefunga."

Mama Pacha akanawa mikono, akainuka, akaenda kuutazama.