Daktari wa Wazima na Nyumba ya Bondeni

Nilipoacha kazi serikalini, ndugu zangu wa Singida walidhani nimerogwa. Nilikuwa nesi, nimepangiwa Tukuyu, na nilikuwa na nyumba ya kazini yenye bati lisilovuja, jambo kubwa katika mji ambao mvua hainyeshi bali inaishi. Kisha nikayaacha yote nikamfuata mzee mmoja mwenye Landrova kuukuu, aliyesema anataka kutibu watu ambao hawaumwi.

Ilikuwa miaka ile milango ya biashara ilipofunguliwa. Mitumba ilijaa sokoni, wanunuzi binafsi wa kahawa walipita vijijini na mizani zao, na serikali ikaruhusu tena daktari kuwa na kituo chake mwenyewe. Mzee huyo alikuwa mwenyeji wa huko huko Rungwe aliyefanya kazi Dar es Salaam mpaka akastaafu. Alirudi kwao, akapanga nyumba mtelemkoni, akaweka benchi, mizani na kitanda kimoja. Utaratibu wake ulikuwa mgeni kabisa. Familia ilijiunga kwa mwaka mzima, ikilipa mara moja baada ya kuuza chai au kahawa. Baada ya hapo watatibiwa kila watakapoumwa, na yeye atawatembelea nyumbani hata kama hawaumwi.

"Sijafungua duka la vidonge, sista," aliniambia siku ya kwanza. "Hospitali inamwona mtu akishaanguka. Mimi nataka kuiona njia anayopita kabla hajaanguka."

Kwa hiyo tulizunguka. Tuliingia jikoni, tukatazama moshi unatokea wapi. Daktari aliuliza watu wanalala saa ngapi, chumvi wanatia kiasi gani, wanatembea au wamezoea kukaa, ndani ya nyumba ni nani hasemi na nani. Wengine walicheka. Walimu na makarani waliotoka mikoa mingine walijiunga mapema, na wakulima wachache wakafuata. Mtaani wakamwita daktari wa wazima, naye hakulikataa jina hilo.

Kilichobadilisha kicheko kuwa kitu kingine ni kifo cha ofisa mmoja wa serikali. Alikuwa mtu wa pwani, mnene, mchangamfu, mwanachama wetu. Daktari alimpima presha sebuleni kwake, akamwambia aache gari aende ofisini kwa miguu, apunguze chumvi na bia, na aanze dawa siku ile ile. Yule bwana akacheka mpaka akakohoa. "Daktari, mimi sijaumwa tangu niko jeshini!" Masika hayajaisha, akaanguka ofisini kwake asiinuke tena.

Watu hawakusema kwamba daktari alimwonya. Walisema kwamba daktari aliingia kwa mtu mzima, akamtazama, na yule mtu akafa. Tangu siku hiyo nilianza kuona mambo ambayo sikuyapenda. Tulikaribishwa chai na watu wasiomtazama daktari usoni. Watoto walifichwa chumbani. Siku moja, huko Mpuguso, tulifika kwenye nyumba ya mwanachama wetu tukaukuta mlango umefungwa, na moshi unatoka jikoni. Tukabisha hodi. Ndani sufuria ilikuwa inachemka, ikafurika, tukasikia maji yanamwagikia moto, na hakuna aliyeinuka kuiepua. Walikuwa wamo humo wote, wamebana pumzi, wakisubiri tupite.

"Twende, sista," daktari alisema kwa sauti ya chini.

Wanachama wakapungua. Nilishaanza kufikiria kuomba kazi yangu ya zamani, ndipo alipokuja mwalimu mmoja mstaafu kutoka bonde moja upande wa kwenda Masoko. Alikuwa mtu nadhifu, suruali imepigwa pasi, lakini macho yake yalikuwa mekundu na alikaa kwenye benchi kama mtu aliyeshushwa mzigo.

"Kila asubuhi naamka na kichwa kinapasuka," alisema. "Mke wangu vilevile. Tumekunywa dawa za malaria mpaka tumechoka, na wakipima damu hawaoni kitu. Na mama yangu..."

"Mama amefanya nini?" daktari akauliza.

"Anaongea na watu ambao tumeshawazika."

Daktari hakushtuka. Aliuliza maswali yake ya kawaida, ya chumvi na usingizi, mpaka alipofika kwenye safari. Mwalimu akasema alikwenda Mbeya kufuatilia kiinua mgongo chake akakaa wiki nzima, na huko kichwa kilikuwa chepesi kabisa.

"Nyumba mnayoishi ni mpya?"

"Mpya, ya tofali za kuchoma. Kule juu tulikokuwa nimeongeza shamba la chai, kwa hiyo nikajenga bondeni. Lilikuwa eneo tupu. Wazee walikuwa hawajengi pale." Akatabasamu kidogo. "Lakini wazee nao hawakuwa na bati."

Tulikwenda asubuhi iliyofuata. Ukungu ulikuwa mzito na hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani. Tuliacha Landrova barabarani tukateremka kwa miguu katikati ya migomba, daktari mbele na fimbo yake. Mimi nimekulia kwenye nchi kavu, na miaka yangu ya mwanzo Rungwe kelele za kijani kile zilinisumbua: matone yakidondoka kutoka jani hadi jani, vijito, ndege, vyura. Baadaye nilizizoea nikawa sizisikii. Siku ile nilizisikia kwa sababu zilikoma. Tuliteremka hatua kadhaa zaidi, na ikawa kama tumeingia ndani ya nyumba ambayo mtu amefunga mlango nyuma yetu.

Kwenye majani ya chini, karibu na ukuta wa nyumba, walikuwepo ndege. Wadogo, wa manjano. Walilala ubavu, manyoya hayakuvurugika, hakuna damu, kama vitu vilivyopangwa na mtu mwenye mikono laini. Daktari aliinama kumgeuza mmoja kwa fimbo, kisha akasimama haraka sana. Nilihisi ubaridi miguuni. Haukuwa baridi ya asubuhi, maana mikono na uso wangu vilikuwa na joto la kutembea. Ulifika magotini ukaishia hapo, kama nimesimama ndani ya maji. Na puani palinichoma kidogo, vile inavyochoma soda ukiinywa kwa pupa.

Mwalimu na mkewe walitupokea mlangoni. Ndani kulikuwa na viti vya mbao, vitambaa vyeupe vya kufuma, kila kitu safi. Kuku wenye vifaranga walikuwa wanalala chumba cha mama, mke alituambia, lakini walikufa wote, na paka alihama mwenyewe.

Chumba cha bibi kilikuwa cha nyuma, upande unaokutana na mlima. Dirisha limezibwa kwa ubao kwa ajili ya baridi. Bibi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda chake cha mianzi, kitanda kifupi kisichozidi goti, miguu chini, khanga mabegani. Alikuwa mdogo mkavu, mwenye uso mtulivu.

"Mugonile," daktari alimsalimu kwa heshima, yaani, mmelala salama?

"Ndaga," akajibu, ahsante. Kisha akanigeukia mimi, akaongea Kiswahili kwa ajili yangu. "Kalibu, mwanangu. Pita polepole, usiwakanyage."

Nikatazama sakafu. Ilikuwa saruji tupu.

"Nisimkanyage nani, bibi?"

"Wasee. Wanakuja asubuhi, kukiwa kimya. Wanakaa chini, hawataki viti."

Mke wa mwalimu alileta kibatari ili daktari amtazame macho. Akakiweka sakafuni kando ya kitanda. Moto ukainama, ukawa wa buluu, ukazimika, bila upepo, bila mtu kukipuliza. Mke akakiokota, akakiinua juu akakiwasha kwa kiberiti, kikawaka vizuri. Akakirudisha chini. Kikazimika.

"Asubuhi kama hizi huwa hakiwaki," akasema, kama mtu anayeomba radhi kwa sukari kuisha. "Tumezoea."

Nilimwona daktari amekazia macho kile kibatari, naye akaanza kusema kitu. Lakini mimi nilikuwa nimeshapiga magoti kumpima bibi presha, maana ndiyo kazi niliyojia, na mkono wake ulikuwa umening'inia chini. Niliinama ili nifunge kitambaa cha kipimo vizuri. Nakumbuka nilivuta pumzi, na pumzi ile haikufika popote. Nikavuta nyingine kwa nguvu zaidi. Kifua kikaanza kwenda mbio chenyewe. Kuta za chumba zikasogea mbali, na sauti ya bibi ikawa inatoka ng'ambo ya kitu.

Kisha mama yangu akaniita.

Mama yangu alifariki nikiwa chuo cha uuguzi. Alizikwa Singida, chini ya mawe, mbali sana na migomba hii. Aliniita kwa jina ambalo hakuna mwingine aliyewahi kuniita, jina la utani la mtoto mwenye masikio makubwa, na aliliita kwa ukali kidogo, kama zamani nilipokawia kisimani. Sikuogopa. Jambo hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo. Nilitaka tu kugeuka nimwone, na nilianza kugeuka.

Daktari alinishika kwapani akaninyanyua. Nilikuja kujitambua nje, juu mtelemkoni, nimeegemezwa mgomba, nimetapika kwenye gauni langu jeupe. Karibu nami bibi alikuwa amekalishwa kwenye kiti kilichobebwa na mwanawe, ameudhika.

"Sikilizeni," daktari alisema, naye anahema. "Nchi yetu hii ni ya volkano. Kwenye nyufa chini inatoka hewa isiyo na rangi, inayozima moto na kukata pumzi. Ni nzito, inatuama bondeni kama maji. Upepo ukiwepo inasambaa. Asubuhi tulivu inajaa ndani kupitia ufa wowote. Mnalala juu yake. Siku itakapopanda kidogo kuliko leo, hamtaamka."

Mwalimu alitazama bati lake jipya linavyong'aa kwa umande. "Niwaambie watu nimehama nyumba ya tofali kwa sababu gani, daktari? Kibatari?"

"Ndiyo. Waambie kibatari."

Mkewe ndiye aliyemaliza mjadala. Jua lilipotoka na upepo ukaanza kutikisa migomba, aliingia ndani bila kumwuliza mtu, akatoka na godoro kichwani, akatupita akipanda mlima. Mume wake akamtazama mpaka alipofika kwenye nyumba yao ya zamani, ambayo sasa ilikuwa stoo ya mbolea. Halafu naye akaingia, akatoka na viti.

Vichwa viliacha kuuma ndani ya siku chache. Bati liling'olewa, likapelekwa juu. Lakini habari ilipofika mjini ilikuwa imebadilika njiani: daktari wa wazima ameingia kwenye nyumba yenye mizimu, amezima moto wao, na amewatoa. Benchi letu likajaa. Watu waliotufungia milango walikuja kulipia mwaka mzima. Daktari alikasirika. "Nilikwenda kutazama wanavyoishi!" aliwaambia, na wao wakaitikia kwa heshima, ndiyo baba, ndiyo, wakaandikisha watoto. Wengi wao walipunguza chumvi, walifungua madirisha, wakaanza kutembea, si kwa sababu ya maelezo yake bali kwa sababu aliyewaambia alikuwa na nguvu. Sijui kama hilo lilimfariji.

Bibi alihamia Ikuti kwa binti yake. Binti alijiunga pia, kwa hiyo msimu uliofuata tulikwenda kumwona. Daktari alibaki uani akizungumza na mkwe kuhusu pombe, mimi nikaingia kwa bibi. Alikuwa amenenepa. Chumba kilikuwa na dirisha kubwa, jua linaingia, kitanda kirefu.

"Unalalaje, bibi?"

"Visuli. Kichwa hakiumi." Akanitazama nikifunga kitambaa mkononi mwake. "Nalala visuli sana, mwanangu, lakini nalala peke yangu. Hawaijui njia ya huku."

Nilijua la kumjibu. Nilifundishwa ubongo unafanya nini ukikosa hewa safi, na daktari alinieleza tena, kwa upole, mara niliporudi kazini. Niliyajua yote hayo, na bado nikauliza.

"Bibi, siku ile tulipokuja. Kuliongezeka mtu?"

Hakufikiri hata kidogo. "Yule mama mlefu? Aliingia na wewe. Alikaa kalibu na mlango, hakuongea na yeyote." Akacheka kidogo, kwa huruma. "Hakuwa anajua lugha yetu, masikini."

Sikuwahi kumwambia bibi yule kwamba nina mama, wala kwamba alikuwa mrefu. Pampu ya presha ilibaki mkononi mwangu, imejaa, mpaka akasema mkono unamuuma. Nikaiachia. Presha yake ilikuwa nzuri kuliko yangu.

Nje daktari alikuwa ameshaagana na mwenye nyumba, anapanguza tope kwenye viatu. Tulipokuwa kwenye gari tunapanda kurudi Tukuyu, mashamba ya chai pande zote mbili, akaniuliza bibi anaendeleaje.

"Anaendelea vizuri," nikamwambia. "Anapata usingizi."

Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akabadilisha gia.