Mwaka Tuliolima kwa Televisheni

Enzi zetu, jioni ya Ufipa ilikuwa na kazi moja tu: kukimbia baridi. Ninyi mliokulia kule mnaujua ule upepo unaovuka uwanda mzima bila kukutana na mti wa kuuzuia, ukaingia kwenye sweta la shule kupitia viwiko vilivyotoboka. Tulicheza rede na kombolela mpaka magoti yakawa meupe kwa vumbi, kisha tukakimbilia jikoni kugombania nafasi karibu na moto. Ugali wa ulezi, maharage, na siku njema dagaa wa Kirando. Redio ya baba ilikaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa alichofuma mama, na hakuna mtoto aliyethubutu kuigusa. Taarifa ya habari ikianza, hata mbwa alijua kunyamaza. Wanangu nikiwaambia kwamba nchi nzima ilikuwa na kituo kimoja cha redio na kwamba bara hatukuwa na televisheni kabisa, wananitazama kwa huruma kana kwamba nimesema tulikuwa tunaishi pangoni.

Halafu ukaja mwaka ule ambao hakuna aliyetulia. Soko lilishafunguliwa kwa kila mtu, malori ya wafanyabiashara yalikuwa yanafuata mahindi mpaka mlangoni, na kila kijana alikuwa na safari mdomoni. Tulisikia kwamba Dar es Salaam watu binafsi wameanzisha vituo vya televisheni, si kimoja, na vinashindana. Kila wiki ilikuja habari mpya: hiki kimeongeza saa za matangazo, kile kimeleta mchezo wa kuigiza wa Kiswahili. Mwishowe mlingoti ukasimamishwa kwenye kilima juu ya mji wa Sumbawanga, na ikasemwa kwamba sasa hizo picha zitatufikia na sisi. Mimi nilikuwa darasa la tano. Nilikuwa nalala nikiwaza mlingoti, nikiamka nautazama kama bado upo.

Baba alikuwa mwalimu wa shule yetu ya msingi, kijijini, mwendo wa baiskeli kutoka mjini. Shuleni alituvisha kibao shingoni tukizungumza Kifipa, ila nyumbani akijigonga kidole na nyundo, Kifipa kilimtoka chote. Alikuwa mtu wa kupenda mambo mapya. Aliuza mahindi, akaenda Tunduma, akarudi na televisheni yenye chogo refu, imefungwa ndani ya blanketi kama mgonjwa. Umeme kijijini haukuwepo, kwa hiyo tuliwasha kwa betri ya gari iliyochajiwa kwenye mashine ya kusaga. Antena ilifungwa juu ya mti mrefu wa mkaratusi uliokatwa na kusimikwa uani, na upepo wetu ukiipiga, picha yote inageuka chenga. Kazi ya kuigeuza antena ilikuwa yangu. Nilizungusha ule mti huku baba akiniongoza kutoka ndani, nirudi kidogo, niende kidogo, na nikipatia nilijisikia kama mimi ndiye niliyewaleta wale watu ndani ya boksi.

Sasa, mama alikuwa na shamba. Kwetu, mvua zikikaribia kuisha na majani yakiwa yamerefuka, ndipo watu hufanya ntumba, yaani yale matuta makubwa ya mviringo. Unapasua udongo na majani yake, unaupindua, unayazika majani ndani yaoze. Juu unapanda maharage, na msimu unaofuata unalivunja tuta na kusia ulezi. Kazi hiyo nyumba moja haiiwezi, maana mvua ikikata, ardhi inakuwa jiwe. Ndiyo maana kila nyumba ilipika pombe ya ulezi na kuwaita majirani, leo kwetu, kesho kwako. Kwetu mpishi alikuwa bibi, mama yake baba. Ulezi wake ulishaanza kuota kwenye kapu siku baba alipotangaza kwamba mwaka huo hatupiki.

Alisema kwanza ni Kwaresima. Bibi akamjibu kwamba ntumba zimeangukia Kwaresima tangu wamisionari wafike, na pombe ya shambani haijawahi kumpeleka mtu motoni. Ndipo baba akatoa lililokuwa moyoni. Watu watakaolima watatazama televisheni jioni, tena mpaka betri iishe. Hakuna kuni, hakuna mitungi, hakuna walevi wa kusindikiza. Mama alikuwa anachambua maharage, akasimamisha mikono. Shamba lilikuwa lake, na bila ntumba zile hatukuwa na maharage ya mwaka huo wala ulezi wa mwaka unaofuata.

Bibi aliuliza swali moja tu. "Na hao watu wa kwenye picha, watatusubiri tumalize kulima?"

"Mama, hii ni sayansi," baba akasema, akacheka. Bibi akaubeba ulezi wake, akaenda kuuanika ukauke.

Jumamosi hiyo walikuja watu wengi kuliko mwaka wowote. Walikuja hata wasiokuwa majirani, wamevaa vizuri kidogo, majembe begani. Wenzangu wa darasani walinifuata nikipeleka maji shambani, wakiniomba niwawekee nafasi mbele. Niliringa sana.

Siku za pombe, ninyi mnakumbuka, kazi ilikwenda kwa wimbo. Mtungi ulikaa pembeni ya shamba, mtu anapindua tuta, anasimama, anapewa kata, anatania shemeji yake, anarudi. Aliyechelewa alisaidiwa, na hakuna aliyekunywa mpaka ashibe kabla tuta la mwisho halijafungwa. Siku ile hakukuwa na wimbo. Habari zilikuwa na saa yake na mchezo wa kuigiza ulikuwa na saa yake, na wote walijua. Kuanzia mchana watu walikuwa wakilitazama jua kuliko udongo. Mtu alipindua mabonge mawili matatu, akalipiga tuta mgongoni na jembe, akahamia jingine. Majani yalichungulia nje kila upande. Jua lilipoinama, wa kwanza akaondoka akisema anaenda kunawa miguu, na kabla hajafika kijito, shamba zima lilikuwa mbio kuwahi nafasi ya mbele. Mama alibaki peke yake, anapita tuta kwa tuta, anasukumia majani ndani kwa mkono.

Na televisheni ilionyesha, jamani. Hilo siwezi kulificha. Upepo ulitulia kama umeagizwa, nikazungusha mti, picha ikakaa. Watu walijaa sebuleni, dirishani, mlangoni. Msomaji wa habari alipotusalimu jioni njema, wazee wakamwitikia. Baba alisimama kando ya televisheni, furaha yake yote ikiwa usoni. Mama aliingia mwisho, mikono ina udongo, hakupata pa kukaa kwenye nyumba yake mwenyewe. Nilimwona akisimama nyuma ya watu, hatazami picha, anatazama migongo yao. Furaha yangu ikaingia mchanga, na sikujua kwa nini.

Wiki chache baadaye tulijua. Majani yaliyozikwa nusu hayakuoza, yaliota upya. Shamba likawa kijani kutoka mbali, ukikaribia unakuta ni nyasi, na maharage katikati yake yamekuwa ya njano. Mama alipalilia mpaka mvua ikakata. Tulivuna kiasi cha kutia aibu. Jioni moja baba alimfuata bibi jikoni, akakaa kwenye kigoda cha watoto, akamwomba mwaka unaokuja apike.

Bibi akapika. Mwaka uliofuata alitumia ulezi aliouanika na kuutunza wote, na nakumbuka harufu ile tamu ikizunguka nyumba, nikajua sasa mambo yatarudi mahali pake. Baba alipita mwenyewe mlango kwa mlango kualika. Wote walimjibu kwa heshima, "Tutakuja, Mwalimu." Lakini ndani ya mwaka huo mmoja mwenye duka alinunua televisheni, katekista akanunua, na kijana mmoja aliyerudi kutoka machimboni akaleta ya rangi. Jumamosi yetu iliangukia mechi.

Alikuja Mzee Sangu, jirani yetu, ambaye macho yake yalikuwa hayaoni picha vizuri. Alikuja akiimba njiani kama ilivyokuwa desturi, akafika, akanyamaza alipoona shamba tupu. Baba akavua koti la ualimu, akakunja suruali. Alishika jembe upande mmoja, bibi upande wa pili, mama, mzee na mimi katikati. Kila upepo ulipogeuka tulisikia kijiji kikipiga kelele ya goli. Baba kila akisikia aliinua kichwa, kisha akakiinamisha haraka, akapindua udongo kwa nguvu isiyohitajika. Tulifanya matuta mazuri, makubwa, machache.

Jioni mama alitaka kuwagawia majirani ile pombe wapelekewe majumbani, isiharibike. Bibi akakataa. Alifunika mtungi, akauweka mlangoni pa jiko, akakaa kando yake.

"Iache isubiri," alisema. "Yenyewe inajua kusubiri."

Ilisubiri mpaka ikachachuka. Bibi hakupika tena ya shambani, na mimi sijamsikia tena mtu kwetu akiimba akielekea shamba la jirani.

Mwaka jana nilikwenda na wanangu kumwona mama. Shamba lake sasa linalimwa na kijana wa Kisukuma mwenye maksai wake, asubuhi moja, anamaliza anaondoka. Ule mtungi upo bado, ndio wa maji ya kunywa. Jioni nilipika ugali wa ulezi, nikawaita watoto. Kila mmoja alikuwa kona yake na simu yake, anatazama filamu yake, na mkubwa akanijibu bila kuinua macho, "Poa mama, nakuja, nimesimamisha." Nikauliza amesimamisha nini. Akanionyesha: mtu kwenye kioo ameganda, mkono juu, mdomo wazi, anamngoja yeye mpaka ale, mpaka anawe, hata mpaka kesho.

Swali la bibi likanirudia pale pale, na nikatamani awepo nimjibu. Siku hizi wanasubiri, bibi. Nilirudi jikoni, nikakaa na mama kando ya mtungi, ugali ukapoa.