Dua ya Pili ya Mpakani

Usimwambie Bi Mize kwamba pale Mpakani palikuwa kichaka tu. Maneno hayo aliyasema Wakil, mwekezaji kutoka mjini, na tangu siku hiyo Bi Mize hamtaji ila kwa kusonya.

Mpakani iko kusini ya Unguja, pale udongo mwekundu unapokwisha na mawe ya matumbawe yanapoanza. Haviachani ghafla. Udongo unapungua kidogo kidogo, mawe yanachomoza moja moja, na katikati miti ya pande zote mbili inakaa pamoja. Mtarawanda, unaopenda ardhi nzito, umepakana na mdaa uliopenyeza mizizi yake kwenye ufa wa jiwe. Wanawake huchimba mizizi ya mdaa kutilia rangi ukili wa mikeka, upande mmoja tu wa mti, wasiuue. Mlapaa hutoa fito za nyumba, mjoma hutoa mpini wa jembe, na watoto hurudi na viganja vimejaa matunda meupe ya makwamba. Halafu mtu mzima na akili zake anasimama hapo anasema kichaka tu! Macho anayo ya nini?

Bi Mize ni mvyale wa kijiji, kazi aliyoirithi kwa mamake. Kwao mtu hakati msitu mpya mpaka aende kwa mvyale na ubani. Mvyale anafuatana naye, anafukiza, anaomba dua, ndipo panga linapoingia. Na panga lina adabu yake. Miti hukatwa usawa wa goti na visiki vikaachwa. Mtu analima misimu miwili mitatu, anahama, na visiki vinachipua. Konde alilolima babu yake Bi Mize leo ni msitu usiopitika. Hakuna anayemweleza mwenzake jambo hili, kwa kuwa hakuna asiyelijua.

Kosa la Bi Mize lilikuwa hapo hapo. Wakil alipokuja na ubani mkononi, amevaa kanzu na kofia kama mwana wa watu, hakumuuliza atakata kwa kitu gani. Nani angeuliza?

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba."

"Nimepewa Mpakani. Nnataka kukata miti nipate pa kufanyia kazi. Nimeona si vyema niingie bila ya ruhusa yako."

Bi Mize alifurahi. Vijana wa kijiji wenyewe siku hizi wanajisahaulisha, na huyu wa mjini kajua adabu. Akaenda, akafukiza, akanyanyua mikono. Kijana mmoja wa Wakil alikuwa anachukua video kwa simu. Bi Mize aliona ni ukumbusho.

Siku ya pili likaja katapila.

Alilisikia akiwa jikoni. Alipofika, upande mzima wa mashariki ulikuwa umelala mizizi juu, na mawe meupe yametoka nje kama mifupa. Mizizi ya mdaa, ambayo wanawake huichimba kwa vidole, ililundikwa ichomwe moto. Bi Mize alitafuta kisiki hata kimoja asikione. Akakaa chini pale pale kwenye vumbi, na mwanamke huyo si wa kukaa chini mbele za watu.

Alikwenda kwa sheha wa kijiji. Sheha, kwa kuona haya, akamwonyesha simu. Video ilishazagaa kijiji kizima, Bi Mize amenyanyua mikono, na chini yake maandishi: Mvyale wetu ameridhia.

"Watu wanasema wewe ndiye uliyetoa ruhusa, bibi," sheha alisema. "Mimi nitawajibu nini?"

Hilo ndilo lililomchoma zaidi ya katapila lenyewe. Dua yake, ambayo mamake hakuwahi kuitoa kwa kubahatisha, imegeuzwa muhuri wa kung'olea miti. Na upande wa magharibi ulikuwa bado umesimama.

Wiki haikuisha, Wakil alirudi nyumbani kwa Bi Mize, anacheka cheka. Alisema vibarua wake wengi ni wa huku huku, na hawataki kuanza upande wa pili mpaka mvyale apaombee. Na akaahidi kupanda mivinje, safu kwa safu, patakuwa pazuri kuliko vile vichaka.

"Miti kwa miti, bibi. Tena ya kwetu imenyooka."

Bi Mize aliinuka, akakung'uta kanga yake.

"Nnakuja," akasema. "Waite watu wote. Na yule kijana wa simu asikose."

Asubuhi watu walijaa Mpakani. Tahir, dereva wa katapila, kijana wa Jang'ombe mjini ambaye mamake katoka kijiji hiki hiki, alivua kofia yake ya kazini. Bi Mize akafukiza. Akanyanyua mikono, na wote wakanyanyua, Wakil mbele kabisa, uso ameuelekeza kwenye simu.

"Ya Rabbi, tupe mvua ya heri."

"Amin!"

"Uwahifadhi watoto wetu."

"Amin!"

"Ya Rabbi, aliyekata hapa akaacha kisiki, muachie na yeye kizazi."

"Amin!"

"Na aliyeng'oa mzizi, mng'oe. Awe ni aliyeshika usukani, awe ni aliyetoa amri, au awe ni mimi niliyefukiza bila ya kuuliza."

"Amin!"

Iliwatoka kwa mazoea, kwa sauti moja, na ya Wakil ikiwa juu ya zote. Watu waliteremsha mikono polepole, wanatazamana.

Tahir alipanda kwenye katapila lake, akachomoa ufunguo, akashuka, akauweka kwenye kiganja cha Wakil. "Tafuta mwengine, bosi. Mimi nshaitikia."

Wakil alimgeukia kijana wa simu, jasho linamtoka. "Futa hiyo! Futa sasa hivi!"

Bi Mize alikuwa anafunga kanga yake aondoke. Akasimama.

"Ya kwenye simu atakufutia, baba," alisema. "Na hiyo uliyoitikia mwenyewe, utamwambia nani akufutie?"